Saileji ya marando: bakteria nao wanakula

Marando ya viazi vitamu yanayobaki mashambani Misungwi na Sengerema yana maji mengi mno kwa saileji, yaani malisho ya mifugo yanayochachushwa bila hewa. Yanyaushe siku nzima juani, yakatekate sentimita 2 hadi 3, uchanganye na mabua makavu ya mahindi. Kamua kiganjani: maji yakichuruzika, ongeza mabua.

Bakteria wa kuchachusha, kama Lactobacillus plantarum, wanatakiwa angalau 100,000 walio hai kwa kila gramu ya majani. Koroga dawa yenye bakteria hao kwa maji ya mvua. Klorini ya maji ya bomba huwaua, kisha watu wanailaumu dawa bure! Mabua hayana sukari ya kuwatosha, kwa hiyo tia molasesi kilo 3 hadi 5 kwa kilo 100 za mchanganyiko. Shindilia sana, funga wiki 4. Ikinuka samli iliyovunda, maji yalizidi.