Kuvua bass Naivasha: angalia maji kwanza, fimbo baadaye

Mtu akishajua navua samaki wa bass swali la kwanza huwa ni "ninunue fimbo gani?" na mimi namrudishia swali lake, unaenda kuvulia wapi hapo ziwani? Kwa sababu Naivasha kwa mvuvi si ziwa moja. Kuna ukingo wa mafunjo na gugu maji, kuna ile migunga iliyokufia majini tangu ziwa lipande, kuna maji wazi, alafu kuna upande wa Crescent Island ambako chini ni kreta ya volkano na ndio kwenye kina kirefu kabisa. Fimbo inayofanya kazi safi mahali pamoja itakuaibisha mahali pengine. Nimeona watu wanakuja na fimbo nyembamba ya bei kali wanarusha kwa magugu, bass anadaka, anapiga mbizi kwa mizizi, uzi pap, hadithi imeisha.

Historia kidogo, kwa sababu inasaidia kuchagua chambo. Huyu bass wa mdomo mkubwa si mwenyeji, aliletwa kutoka Marekani 1929 kwa ajili ya watu wanaovua kama mchezo, tilapia alikuwa ameshawekwa 1925. Alafu 1970 wakaletwa kamba wekundu wa Louisiana (crayfish, wale wenye magando), na hao bass anawajua toka kwao Marekani, anawala bila kuulizwa. Kwa hivo kwa begi yangu hukosi chambo za kahawia zenye wekundu kidogo.

Kama unataka kujifunza mtindo mmoja tu, jifunze rigi ya Texas, yaani namna ya kufunga chambo na ndoano ncha ikiwa imefichwa. Unachukua mnyoo wa mpira wa inchi 6 au 7. Risasi (kile kizito cha kuzamisha chambo) ile iliyochongoka yenye tundu katikati inaingia kwa uzi kwanza, alafu unafunga ndoano iliyopinda shingoni, saizi 3/0 au 4/0. Ncha unaichomeka kichwani mwa mnyoo kama nusu sentimita, unaitolea ubavuni, unavuta mpaka ile shingo izame kichwani, unageuza ndoano, ncha unairudisha ndani ya mwili ijifiche. Hakikisha mnyoo umekaa umenyooka, ukikaa umejikunja utazunguka kwa maji na kukusokotea uzi wote. Ncha ikijificha hivo unarusha katikati ya matawi na inatoka bila kunasa (sanasana!). Lakini sasa ndio fimbo inaingia, ncha iko ndani ya mpira, so ukivuta lazima itoboe mpira na bado ibaki na nguvu ya kushika mdomo wa samaki, na fimbo laini hapo inapinda tu haifanyi kitu. Unataka ya futi 7, ngumu, zile zimeandikwa MH (medium heavy, ngumu kupita ya kati), inayopinda karibu na ncha peke yake, na uzi wa fluorokaboni wa paundi 15 hadi 20 (hizo paundi ni uzito uzi unaobeba kabla ya kukatika). Na usingoje kuvutwa kwa nguvu, mara nyingi unaskia "tik" moja ndogo, au unaona uzi umeanza kutembea kando na wewe hujaugusa. Huyo ni yeye. Kaza uzi, vuta.

Juu ya gugu maji ni chura wa mpira, yule ndoano zake mbili zimelala mgongoni. Hapa sina huruma, uzi wa kusuka wa paundi 50 hadi 65 na fimbo nzito kabisa kwa sababu utakayemvuta si samaki peke yake, ni samaki na kilo kadhaa za majani. Maji yakilipuka mkono unataka kuvuta saa hiyo hiyo, uzuie, ngoja mpaka uskie uzito. Ukiwahi, chura anarudi anaruka kuelekea usoni kwako.

Sasa krenkibeti, yule samaki bandia mwenye ulimi wa plastiki mbele, ni kinyume cha yote niliyosema. Ndoano zake za meno matatu ni ndogo na ziko nje tayari, ukitumia fimbo ngumu unazing'oa mdomoni. Chukua fimbo inayopinda mpaka katikati, uzi paundi 10 au 12, na akishika usimvute kwa fujo, endelea kuzungusha rili tu na uegemeze fimbo pembeni. Ulimi mfupi unaenda juujuu, mrefu unazama sana, na kwa vile Naivasha sehemu kubwa ni kina kifupi, ule mrefu mimi naubakisha wa Crescent. Mwache agonge gogo, akigonga akayumba ndio bass anamrukia.

Maji yakiwa na matope weka spinabeti, zile bati zinazozunguka zinatoa mtikisiko ambao bass anauskia kwa mstari wa ubavuni (ule wa kuhisi mtikisiko) hata kama haoni kitu. Dropshoti, ile risasi inakaa chini kabisa na ndoano juu yake, ni mtindo mzuri kwa maji maangavu, kwa haya yetu siibebi.

Pesa ikitosha fimbo moja, nunua ya ugumu wa kati na rili ya kawaida ile inayoning'inia chini, uzi paundi 10, toboa mnyoo katikati na ndoano bila risasi yoyote, rusha pembeni ya mgunga, uache uzame wenyewe polepole. Baitikasta, rili ile inayokaa juu ya fimbo, achana nayo kwanza, utashinda unafungua mafundo wenzako wakivua.

Kata leseni, toka mapema kabla upepo wa mchana haujaanza kurusha boti, na kwa mafunjo msikilize kijana wa boti akisema turudi nyuma, kiboko hajali umelipia masaa mangapi. Beba pia koleo ya mdomo mrefu uiweke mfukoni, juu krenkibeti ikishika samaki na kidole chako pamoja hutataka kuanza kuitafuta chini ya viti.