Picha ya wakili ndani ya kasha la baba

Mwaka 1987 nilikuwa darasa la tano hapa Lamu. Baba, fundi wa mashua, alikuwa akiletewa gazeti la Taifa Leo na basi la Mombasa, likivushwa kwa boti kutoka Mokowe, mara nyingi limechelewa siku mbili. Baada ya alasiri wazee walikusanyika barazani kwetu, naye akawasomea kesi ya S. M. Otieno neno kwa neno.

Otieno, mwenyewe wakili wa sifa Nairobi, alifariki Desemba 1986 bila kuacha wosia wa maandishi. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. John Khaminwa alimtetea mjane, Richard Kwach akasimama na ukoo, na maiti ikakaa mochari miezi mitano.

Siku alipotoa ushahidi mchimba kaburi, aliyedai marehemu alimwambia atakuja kumchimbia na lake, baba alikunja gazeti akawauliza wazee: "Nyinyi mngemwuliza nini mtu huyu?" Kila mmoja akasema lake. Mzee aliyekuwa akisuka kamba pembeni akauliza pole pole: "Alipokwambia hayo, nani mwengine alikuwapo?" Baraza zima likanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilijua papo hapo kazi ninayoitaka.

Khaminwa alishindwa. Jaji Bosire aliupa ukoo maiti mwezi wa Februari, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye Mei, na Otieno akazikwa Nyalgunga. Baba alikata picha ya Khaminwa gazetini akaitia ndani ya kasha lake la misumari. "Baba, si ameshindwa?" Akanipa gazeti nisome tena maswali ya Khaminwa.

Miaka mingi baadaye, nikisomea sheria, ndipo nilipojua kwamba mwaka 1982 Khaminwa aliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, kwa ajili ya wateja aliowatetea. Basi yule niliyekuwa nikisomewa habari zake barazani alikuwa ametoka kifungoni akarudi kuvaa joho lile lile. Sijui kipimo kingine cha wakili kinachonigusa kama hicho.

Mimi nafanya kazi Malindi, kesi za ardhi zaidi. Watu huona joho na kola nyeupe. Hawaoni kesi ya wakulima iliyotajwa mara kumi na nne kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani, na walalamishi watatu wakazikwa wakingoja. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kesi niliyonayo sasa ni ya diko, mahali wavuvi wanapofikia na mashua zao. Ukuta umejengwa, njia ya wavuvi kwenda majini ikafungwa. Shahidi wangu, mvuvi wa miaka sabini na kitu, aliulizwa na wakili wa upande wa pili ukuta uko mita ngapi kutoka maji ya bamvua, yaani maji yanapojaa zaidi. Akajibu pima kumi na mbili. "Mita, mzee, si pima." Mzee akanyamaza, akanitazama. Zamu yangu ilipofika nilimwomba amwonyeshe jaji pima moja. Akaweka fimbo chini, akatandaza mikono yote miwili, vidole vimenyooka, kifua wazi, akakaa hivyo mpaka jaji alipomaliza kuandika.

Aprili 30, 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoletewa na bandari mpya. Sikuwa wakili wao, lakini nilifunga mlango wa ofisi nikalia. Kesi ile ilikuwa ya mwaka 2012, na hata baada ya hukumu malipo yalichukua miaka. Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi, huko huko Lamu. Kabla ya Katiba ya 2010, kesi kama hizo zingeweza kutupwa mlangoni kwa swali moja tu: wewe binafsi umeumia wapi? Mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alipokwenda mahakamani kuitetea bustani ya Uhuru Park, Nairobi, ndivyo alivyofungiwa mlango.

Jumatatu tunarudi kwenye diko. Mzee alinipigia simu jana usiku. "Mwanangu, nije na kamba yangu ya kupimia?"

Nimemwambia aje nayo.