Siku moja kwenye kabineti ya mawakili, Lubumbashi

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya kufungua kitabu chochote cha sheria tunasoma ubao. Una safu nne: jina la kesi, siku hukumu ilipotamkwa, siku uisie wa mahakama, ofisa anayepeleka hati rasmi, alipoipeleka kwa mhusika, na siku ya mwisho ya rufaa. Safu ya tatu ndiyo wateja wengi huisahau. Kesi ya madai ina siku 30 za rufaa, nazo huhesabiwa tangu hukumu ilipopelekwa rasmi kwa mhusika. Kesi ya jinai ina siku 10 tu, na kama pande zote zilikuwepo, hesabu inaanza siku ile ile hukumu ilipotamkwa. Mtu akifika siku ya 12 na hukumu ya jinai mkononi, hata kama ilikosewa waziwazi, mlango wa rufaa umeshafungwa. Ndiyo maana swali la kwanza kwa kila anayeingia ni hili: “Papa, hii karatasi ulipewa siku gani, na nani, na ulitia sahihi wapi?”

Saa 1:15 asubuhi tunafunga mafaili. Joho, kitambaa cheupe cha shingoni, na kila hati nakala nne: ya mahakama, ya upande wa pili, ya kwetu, na moja ya akiba. Washtakiwa wakiwa watatu, nakala zinapanda hadi sita. Kila kielelezo kina namba, na juu ya faili kuna orodha ya vielelezo iliyotiwa sahihi. Uchapaji hufanywa jana yake jioni, kwa sababu umeme wa asubuhi si wa kutegemea na foleni ya fotokopi karibu na mahakama ni ndefu kuanzia saa 2.

Saa 3 asubuhi, mahakamani. Orodha ya kesi imebandikwa mlangoni. Tunaisoma mara mbili, maana kesi inaweza kubadilishiwa chumba. Jaji haanzi na nani ana haki. Anaanza na swali kama upande wa pili uliitwa inavyotakiwa. Sheria inataka siku 8 kamili kati ya wito na kusikilizwa, na siku ya kupokea wito haihesabiwi, wala ile ya kusikilizwa. Wito ukipelekwa tarehe 3, kesi haiwezi kusikilizwa kabla ya tarehe 12. Anayeishi mbali huongezewa siku moja kwa kila kilomita 100, kwa hiyo mtu wa Likasi, kilomita kama 120 kutoka hapa, anapata siku moja zaidi. Wito uliokosea hesabu hiyo unaahirisha kesi yote, na mteja aliyelipa nauli kutoka Kipushi anarudi mikono mitupu.

Kesi nyingi huahirishwa kwa mambo madogo namna hiyo: vielelezo havikupewa upande wa pili mapema, au wakili hana barua ya mamlaka maalum pale sheria inapoitaka. Stajieri wetu, aliye katika miaka yake miwili ya mafunzo kabla ya kuandikwa wakili kamili, ana kazi moja asubuhi hii: kuhakikisha upande wa pili umetia sahihi kwamba umepokea vielelezo vyetu. Sahihi ile inaokoa wiki tatu.

Saa 5 asubuhi, ofisi ya ukaguzi wa kazi. Mfanyakazi aliyefukuzwa haendi moja kwa moja kwenye tribunali ya kazi. Lazima kwanza mkaguzi wa kazi ajaribu kuwapatanisha, na wakishindwana, karatasi ya kushindwana ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Tunakuja na hesabu tayari. Kwa sheria ya kazi ya 2002, mwajiri anayevunja mkataba usio na muda lazima atoe notisi ya siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 za kazi kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Fundi wa gereji mwenye miaka 6 ana haki ya siku 14 na 42, jumla 56. Kama sababu ya kumfukuza haikuwa halali, fidia inaweza kufika hadi mishahara ya miezi 36. Mwajiri anayedai kosa kubwa naye ana saa yake: siku 15 za kazi tangu alipojua kosa, na uamuzi wake lazima uwe wa maandishi.

Linalotuuma ni wanaochelewa. Madai mengi ya mkataba wa kazi hufa baada ya miaka 3, lakini mshahara usiolipwa hufa baada ya mwaka mmoja tu tangu ulipopaswa kulipwa. Watu husubiri kwa heshima, “patron ameahidi”, na mwaka unapita. Na wasiokuwa na mkataba wa maandishi hudhani hawana kesi. Wanayo. Sheria inamruhusu mfanyakazi kuthibitisha ajira yake kwa kila njia: ujumbe wa malipo kwenye simu, beji, picha akiwa kazini na nguo za kampuni, mashahidi wawili wa zamu yake. Tunawaambia wasifute kitu kwenye simu.

Saa 7 mchana, bukari (ugali) na samaki, dakika 40.

Saa 8 mchana ni meza ya makampuni. Tangu 12 Septemba 2012 sheria za OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, zinatumika Kongo, kwa hiyo anayefungua SARL (kampuni yenye dhima yenye ukomo) hapa anafuata sheria ile ile ya Abidjan au Dakar, na anapita kwenye dirisha moja la kuanzisha kampuni. Kosa la kawaida ni kunakili katiba ya kampuni ya rafiki. Mamlaka ya meneja hayapunguzwi, halafu siku ya ugomvi mshirika mmoja anagundua kwamba mwenzake aliweza kukopa benki peke yake.

Baada ya hapo, madini. Katika mkoa huu hakuna kabineti inayokwepa suala hilo, na tunafanya kazi pande zote mbili, ila kamwe si kwenye faili moja. Viongozi wa kijiji kilicho karibu na mgodi wameomba kusomewa daftari la masharti, yaani maandishi ya ahadi za kampuni kwa jamii, kabla ya kutia sahihi. Tunalisoma nao kwa Kiswahili, kipengele kwa kipengele. Kanuni ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 9 Machi 2018, inaitaka kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Hiyo si mrabaha. Mrabaha ni kitu kingine, yaani malipo ya kampuni kwa dola kwa ajili ya madini, na humo asilimia 50 huenda serikali kuu, 25 mkoa, 15 sekta au manispaa ambako mgodi upo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Watu wakichanganya hizi mbili, kampuni inajenga shule kwa pesa iliyokuwa lazima itolewe, kisha inashukuriwa kama imetoa zawadi, na hakuna anayeuliza ile asilimia 15 ilitumikaje. Kwenye daftari tunatafuta mambo matatu: tarehe ya kila ahadi, kiasi chake, na jina la cheo cha anayewajibika. Sentensi kama “kisima kitachimbwa” bila mwaka wala idadi haina nguvu mahakamani, na tunaomba iandikwe upya siku hiyo hiyo.

Saa 10 alasiri, Katuba, manispaa ya hapa mjini. Kila Alhamisi tunaweka meza tatu na viti vya plastiki katika ukumbi wa parokia, na kusikiliza bure hadi giza. Sheria ya mawakili ya 1979 yenyewe inaitaka kila baro, yaani chama cha mawakili, iwe na ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Sisi tunawapokea watu hapa, na kesi inayohitaji kwenda mahakamani tunaipeleka huko na cheti cha umaskini, ili baro imteue wakili.

Meza ya kwanza ni ya vizazi. Mtoto huandikishwa ndani ya siku 90. Zikipita, mzazi anahitaji hukumu ya mahakama kwanza, ndipo ofisa wa manispaa aandike cheti. Mama wengi hujua hilo mtoto anapotakiwa kufanya mtihani wa serikali.

Meza ya pili huwa na foleni ndefu kuliko zote: nyumba ya marehemu. Mama mmoja anatoa kwenye mfuko wa nailoni sertifika (hati ya haki juu ya kiwanja) iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika. Tunaifungua polepole juu ya khanga. Juu kuna namba ya volumu na folio, yaani ukurasa wa kitabu cha konservateri wa hati, ofisa wa serikali anayetunza vitabu vya ardhi, ambamo asili yake imeandikwa. Katikati kuna jina la mume wake. Chini, eneo: ari 5, yaani mita za mraba 500, na mchoro wa kiwanja. Hata karatasi hii ikichanika kabisa, kitabu kipo. Tunanakili volumu na folio kwenye daftari letu kabla ya jambo lingine lolote.

“Mashemeji wanasema nyumba ni ya ukoo,” anasema.

“Mama, sikiliza vizuri. Watoto wa marehemu wana robo tatu ya mirathi. Wewe mjane, wazazi wake na ndugu zake mnagawana robo inayobaki. Na wewe una haki ya kukaa katika nyumba mliyoishi na kutumia vyombo vyake.”

Tunaandika hatua kwenye karatasi moja: cheti cha kifo, vyeti vya watoto wote, hata wa nje ya ndoa, kama baba aliwatambua kisheria akiwa hai, kikao cha familia na muhtasari wake wenye sahihi, kumthibitisha msimamizi wa mirathi mahakamani, ndipo kwa konservateri kubadilisha jina. Kinachoharibu kila kitu ni shemeji mmoja kuuza kwa karatasi ya manispaa kabla ya hatua hizo. Ardhi yote ni ya Serikali, na sheria ya ardhi ya 1973 haitambui haki juu ya kiwanja ila kwa sertifika. Mnunuzi akifanikiwa kujipatia sertifika mpya, baada ya miaka miwili haipingiki tena. Kwa hiyo, siku ile ile Mama anapotuonyesha karatasi, tunaandika barua ya pingamizi kwa konservateri, nakala mbili, moja irudi na muhuri wa kupokelewa.

Saa 1:20 usiku simu inalia. Kijana amekamatwa Kampemba. Tunamuuliza yaya yake, yaani dada yake mkubwa, mambo manne: yuko ofisi gani, alishikwa saa ngapi, kwa kosa gani, na kama ametia sahihi chochote. Katiba inataka aambiwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, awe na wakili, na asizuiliwe na polisi zaidi ya saa 48 kabla ya kuachiliwa au kupelekwa mbele ya parke, ofisi ya waendesha mashtaka. Tunamwambia yaya apeleke chakula na nguo ya kujifunika, na amwombe kijana asitie sahihi maelezo ambayo hajasomewa.

Stajieri tayari yuko njiani. Ofisini, kwenye ubao, chini ya tarehe za rufaa, tunaongeza mstari: alishikwa Alhamisi saa 11:10 jioni, mwisho Jumamosi saa 11:10 jioni.