Kadi ya Zamani, Nafasi Mpya
Kila ninapofungua kompyuta yangu ya mezani ili kuongeza kadi, yaani bamba la saketi linaloipa kompyuta uwezo wa ziada, huikumbuka kampuni ya IBM. Kompyuta yake ya mwaka 1981 ilikuwa na nafasi 5 za kuchomekea kadi, na modeli yake ya AT ya mwaka 1984 ilizirefusha nafasi hizo kutoka biti 8 za data kwa mara moja hadi 16 bila kuzikataa kadi za awali. Mwaka 1987 ukaja mfumo mpya wa IBM wa nafasi za kadi, MCA, katika kompyuta zake nyingi za PS/2, wenye kasi zaidi lakini usiopokea kadi za zamani. Kwa maoni yangu, kilikuwa kiburi. Mwaka 1988 kampuni 9, zikiongozwa na Compaq, zilijibu kwa EISA, mfumo wao wa nafasi za kadi, ambao nafasi yake ilikuwa na viunganishi vya ngazi mbili: kadi ya zamani iliishia juu, mpya ikazama hadi chini.