Dumu moja la maji na jeraha la mbwa: uzoefu wangu Newala

Katika mambo yote niliyoshauriwa siku mpwa wangu alipoumwa na mbwa kwenye mikorosho, hakuna hata moja lililohusu maji. Mmoja alitaka majivu, mwingine mafuta ya taa, mwingine unga wa kahawa, na mzee mmoja wa jirani, ambaye kwa kawaida namheshimu sana, alisisitiza kwamba mbwa yule akatwe nywele, zichomwe, na masizi yake yashindiliwe ndani ya matundu ya meno. Wote walisema kwa nia njema na wote walinichosha. Bahati nzuri kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, nami neno langu lilikuwa kwamba hakipakwi kitu chochote kabla jeraha halijaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15.

Jeraha lenyewe lilikuwa kwenye kigimbi: matundu mawili membamba ambayo damu yake ilikwisha kukata, na pembeni mkwaruzo mrefu. Watu waliyatazama matundu yale wakayaona madogo, lakini hayo madogo ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu jino huingia ndani na kuacha mate huko. Kirusi cha kichaa cha mbwa hukaa katika mate, na kikishaingia mwilini hufuata mishipa ya fahamu taratibu hadi kwenye ubongo, safari ambayo mara nyingi huchukua kati ya mwezi mmoja na mitatu. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Kirusi hicho kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni ya kawaida ya kufulia huuvunja utando huo. Majivu na masizi, kwa upande wake, hayaoshi kitu. Yanaziba tundu na kuingiza uchafu mwingine.

Tatizo likawa maji. Anayeijua Newala anajua kwamba huku juu kwenye uwanda wa Makonde maji hayachezewi, na siku hiyo nyumbani kwa dada yangu palikuwa na dumu moja tu la lita 20. Nilianza kwa kumwagia kwa kikombe, huku dada akisugua, na kabla sijaangalia saa mara ya pili nikaona dumu linazidi kuwa jepesi. Kwa mwendo ule tusingefika hata nusu ya muda. Nikaagiza dumu lijazwe tena kutoka kwa jirani, kwa bei ambayo sitaitaja kwa kuwa bado inaniuma, kisha nikafanya jambo ambalo najisifu nalo mpaka leo.

Nilipasha msumari moto kwenye mkaa, nikatoboa dumu karibu na kitako chake, nikaziba tundu kwa njiti ya kiberiti, na vijana wakalifunga dumu kwenye tawi la mwembe. Ni kibuyu chirizi kile kile ambacho watoto hufundishwa kunawia mikono shuleni, isipokuwa changu kilikuwa kikubwa. Nilipochomoa njiti, maji yalitoka kwa nguvu, yakadhoofika, yakakata kabisa. Mzee wa masizi akacheka waziwazi. Nikalegeza mfuniko ili hewa iingie, na hapo ukatoka mchirizi mwembamba kama uzi, usiokatika, ukianguka moja kwa moja juu ya matundu ya meno. Mtoto aliketi juu ya kinu kilichoinamishwa, mimi nikisugua kwa kipande cha sabuni ya mche na kuyapanua matundu kidogo kwa vidole ili maji yafike ndani. Povu la kwanza lilikuwa la waridi, la baadaye likawa jeupe. Kila mara aliuliza, “Mjomba, bado?” nami nikimwonyesha simu iliyokuwa ikihesabu dakika. Zilipotimia, ndani ya dumu maji yalikuwa yamebaki. Dada alitaka kukinga yale yanayodondoka amwagilie mboga, nilikataa.

Baada ya hapo nilipaka iodini, ile dawa ya kahawia inayouzwa kwa bei ndogo katika maduka ya dawa, nikafunika kwa shashi bila kukaza. Kushona sikuruhusu, maana jeraha la mbwa likifungwa mapema huweza kufungia vijidudu ndani.

Kuosha nyumbani hakuondoi haja ya chanjo, na nasema hivi kwa sababu wapo walioona povu lile wakadhani kazi imekwisha. Zahanati ya karibu haikuwa na chanjo, hivyo tulipanda bodaboda, kisha basi, hadi hospitali kubwa zaidi. Njia nzima mtoto alitetemeka, kwani wenzake walikuwa wamemweleza habari za sindano 14 za tumboni. Hizo zilikuwapo kweli zamani, kwa chanjo za aina nyingine. Siku hizi huchomwa mkononi, na ratiba yetu ilihesabu siku ya kuanza kuwa sifuri, ikafuata ya 3, ya 7 na kuendelea. Alipewa pia sindano ya pepopunda. Gharama zote pamoja na nauli zilikula sehemu nzuri ya korosho zangu za msimu.

Vijana walikuwa wameshashika marungu kumsaka mbwa. Niliwazuia, kwa kuwa mbwa anayejulikana hufungwa na kuangaliwa kwa siku 10: akibaki mzima, maana yake siku alipouma mate yake hayakuwa na kirusi. Huyu alibaki mzima, akila ugali kuliko hata mwenye mbwa. Mwenyewe hakuwa amemchanja, jambo lililonikera zaidi kwa sababu mikoa yetu ya Mtwara na Lindi iliwahi kuwa ndani ya mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kuchanja mbwa, ulioanza mwaka 2010, na mimi mwenyewe nakumbuka foleni za mbwa waliofungwa kamba wakisubiri sindano. Nilimpeleka kwa afisa mifugo pamoja na mbwa wake wote. Fidia ya nauli na dawa alilipa nusu. Nusu nyingine anasema nisubiri chama cha msingi, kile cha ushirika kinachotuuzia korosho, kilipe fedha za mnada.