Karatasi ya maswali 12 ndo iliyonipa wateja, sio matangazo

Nimekua nikisema nitaandika nitaandika, leo naandika kwasababu wiki hii nimepigiwa simu na mawakili vijana wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kilio kimoja: ofisi ipo, muhuri upo, kiapo wameshakula, wateja hakuna. Na wote wawili wameshapewa ushauri uleule niliopewa mimi ambao ulinipotezea miaka miwili mizima, ndo maana sikulala vizuri.

Ushauri wenyewe uko wa namna mbili. Wazee wa kazi wanakwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wewe tulia piga kazi watakuja. Nawaheshimu sana wazee wangu ila hii methali ni ya vitu vinavyoonekana. Embe linaonekana, kitambaa unakishika. Mkataba ukiuandika vizuri hakuna kinachotokea! Watu wanafanya biashara yao, hawagombani, mahakamani hawafiki, na baada ya miaka mitano hakuna hata mmoja anayekumbuka nani aliuandika. Sasa hapo kizuri kinajiuzaje?

Wa pili ni hawa wa mitandaoni, posti kila siku, kuwa kila sehemu, jiite bingwa, watu wanapenda mtu anayejiamini. Huu ndo nilioufuata na ndo ulioniumiza zaidi.

Nilimlipa kijana anitengenezee tovuti, hela ambayo ningenunua laptop nzuri na chenji ikabaki. Juu picha ya mizani na nyundo ya hakimu, chini orodha ya huduma 14: ardhi, ndoa, mirathi, kodi, jinai, ajira, bima, hakimiliki, yaani kila kitu nilichowahi kufanyia mtihani. Nikaandika "timu ya wabobezi" wakati tulikua wawili tu, mimi na katibu. Ule ulikua uongo na naujutia mpaka leo. Alafu nikalipia matangazo Facebook miezi mitatu mfululizo.

Simu zilikuja, sio kwamba hazikuja. Nilikua na daftari la mistari naandika kila anayepiga na anachotaka, na nilipokuja kulihesabu simu zilikua 41. Wengi walikua na swali moja, nawajibu, wanashukuru, wanakata. Wachache walitaka vitu ambavyo sijawahi kuvigusa kwa mikono yangu. Na mimi kwa njaa ya kazi nikapokea mmoja wa kodi. Jamani. Nilikesha wiki tatu nasoma sheria ambayo mwenzangu anayeifanya kila siku angemaliza kwa jioni moja, na mwisho nikaona namdanganya mteja, nikampeleka kwa huyo mwenzangu na ada nikairudisha yote. Yule mteja alinishika mkono akasema "asante kwa kuniambia ukweli wakili" na mimi ndani ya moyo nasema ukweli ungekua wiki tatu nyuma.

Siku chache baadae ndo nikapigiwa na mzee mmoja wa heshima kwenye kazi yetu. Hakusalimia hata vizuri. "Mwanangu, nimeona tangazo lako limeandikwa ushindi wa uhakika. Litoe kabla jua halijazama." Nikalitoa palepale nimesimama. Alikua sahihi, kwasababu hata pale vyama vya mawakili vinaporuhusu kujitangaza, kumuahidi mtu ushindi, kujilinganisha na wenzio, kumfuata mtu aliyepata ajali kitandani umwombe kesi, au kuanika mambo ya mteja ili uonekane hodari, hayo ni matatizo karibu kila sehemu. Kama wewe ni wakili na hujasoma kanuni za maadili za kwenu neno kwa neno kabla ya kuposti chochote, funga hii simu kasome kwanza.

Hapo ndo nikaanza kufuatilia hili jambo la wakili kujitangaza limetoka wapi, maana nilitaka kujua mwisho wa kinachoruhusiwa uko wapi. Kumbe Marekani kwenyewe, ambako leo wakili unamkuta kwenye bango la barabarani, kujitangaza kulikua kosa. Mwaka 1976 vijana wawili wa Arizona, John Bates na Van O'Steen, wakaweka tangazo gazetini, chama chao kikawashtaki kinidhamu, wakapanda mpaka Mahakama ya Juu ya nchi na mwaka 1977 wakashinda kwa majaji 5 dhidi ya 4. Uingereza masolisita, yaani mawakili wa kule wanaohudumia wateja moja kwa moja, walikuja kuruhusiwa mwaka 1984. Kwahiyo hii kitu ni changa, wazee wetu wengi walilelewa kwenye imani kwamba wakili anayejitangaza amepotoka, hawatuonei wivu.

Ila kilichonigusa sio ile kesi, ni lile tangazo lenyewe. Halikua na bingwa wala ushindi. Lilitaja kazi na bei. Talaka isiyo na ubishi dola 175 na ada ya mahakama juu, kuasili mtoto, kubadili jina, mtu binafsi kutangaza kufilisika. Kazi ambazo mwanzo wake unajulikana na mwisho wake unajulikana, ndo maana waliweza kutaja bei. Nikajiuliza, mimi ni kazi gani naijua mwanzo mpaka mwisho kiasi kwamba naweza kuitaja bei bila kutetemeka? Kati ya zile 14 sikupata hata moja ya kuapia.

Basi jumamosi moja nikafungua kabati, nikatoa mafaili yote ya miaka mitatu, nikayapanga sakafuni. Hili nalisema kwa kirefu kwasababu hakuna aliyewahi kuniambia na ndo lilibadilisha kila kitu. Kila faili nilijiuliza mambo manne: huyu aliletwa na nani, alilipa yote au bado ananizungusha, kazi ilinichukua mda gani kweli kweli (sio ule nilioandika kwenye ankara), na je ningependa nyingine kama hii kesho asubuhi. Nikawa nasogeza huku na huku, katibu wangu alipokuja kuchukua mwamvuli aliousahau akasimama mlangoni, akaangalia, akasema, "Hawa wote wa hapa pembeni ni waliogombana na wenzao."

Nikainuka nikaangalia. Kweli. Rundo kubwa kuliko yote lilikua la watu walioanzisha biashara pamoja, ndugu, marafiki, wafanyakazi wenza, hawakuandikishana kitu, biashara ikakua au ikafa, wakageukiana. Na kwenye rundo hilo karibu wote walilipa, karibu wote waliletwa na mtu, na nilikua nalala vizuri. Nilikua nalifanya jambo hili miaka mitatu bila kujua kwamba ndo kazi yangu!

Kutoka hapo nikafuta huduma 13. Watu wakaniambia unajinyonga, utakufa njaa, wakili mwenye njaa hachagui kesi. Miezi minne ya kwanza ilikua migumu kweli, siwezi kuficha, kodi ya ofisi nililipa kwa mafungu. Ila nilifanya kitu kimoja ambacho naona wengi wanakiruka: niliwapigia mawakili ninaowajua wanaofanya kodi, jinai, ardhi, ndoa, nikawaambia kuanzia leo wateja wa aina hii wakija kwangu nawaleta kwenu, sitaki kamisheni (sehemu nyingi hata hairuhusiwi), nataka tu mjue mimi nafanya ubia na migogoro ya wabia basi. Kabla ya hapo walikua wananiona mshindani. Mtu akijua huwezi kumnyang'anya mteja wake anakuletea bila wasiwasi, na ile ambayo haiwezi anaituma kwako kwa moyo mmoja. Mpaka leo karibu nusu ya kazi zangu zinatoka kwa mawakili wenzangu, na wa kwanza kabisa alikua yuleyule niliyempelekea mteja wa kodi.

Sasa hiyo karatasi.

Wateja wangu wote wa ugomvi walikua wanasema sentensi moja, "hatukufikiria kama ingefika huku." Nikakaa nikaandika ukurasa mmoja, maswali 12 ambayo watu wawili wanaotaka kuanza biashara wajibu kabla ya kutoa hata shilingi. Nani anatoa hela na nani anatoa nguvu, na nguvu inahesabiwaje. Faida inagawanywa lini. Benki anasaini nani. Nani anaruhusiwa kukopa kwa jina la biashara. Mmoja akiugua miezi mitatu analipwa au halipwi. Mmoja akitaka kutoka anamuuzia nani na bei inapangwa na nani. Akifariki, familia yake inaingia kwenye biashara au inapewa chake. Lugha ya kawaida, sikuweka "kwa kuzingatia" wala "bila kuathiri". Chini kabisa nikaweka jina langu na namba, nikaipiga picha nikawatumia WhatsApp wateja tisa wa zamani, nikasema mpe yeyote anayetaka kuanza kitu na mwenzie.

Baada ya kama miezi miwili karatasi ikanirudia mwenyewe. Binamu yangu alinifowadia akasema soma hii, itakufaa kwenye kazi zako. Nikaifungua, ni yangu, neno kwa neno, ila chini imekatwa. Jina limeondoka. Mtu alipiga skrinishoti akaacha sehemu ya chini, labda hata hakukusudia.

Niliumia siku nzima. Usiku nikapata akili. Jina langu kwa nini likae chini, mahali ambapo ni rahisi kukatika? Nikalitoa chini nikalipeleka katikati, ndani ya swali la 7, lile la mkitofautiana mtamwendea nani kabla ya mahakama. Nikaandika, andikeni hapa jina la mtu mnayemwamini wote wawili, na mkikwama kwenye kujibu karatasi hii aliyeiandaa ni wakili fulani, namba hii hapa. Sasa ukitaka kunikata lazima ukate swali la 7, na karatasi yenye swali la 6 alafu la 8 kila mtu anaona kuna kitu kimepungua. Toka siku hiyo inazunguka na mimi ndani yake. Kuna mteja alikuja kaikunja kwenye pochi, imechakaa mpaka mikunjo imetoboka, anasema alipewa na fundi wake wa nguo. Fundi mwenyewe simjui. Nilifurahi kuliko siku niliyoshinda kesi yangu ya kwanza.

Mtu ataniuliza, ukitoa maswali bure si wanajibu wenyewe wanaenda zao? Wapo, na sawa tu. Wengi wanafika swali la 6, lile la kuuziana, wanaangaliana, wanapiga simu.

Alafu akaja huyu mgeni mwingine, akili mnemba. Mteja aliingia akaweka mezani kurasa 11 zimechapwa vizuri, akasema, "Wakili, mkataba nimeshautengeneza kwenye simu, wewe nikagulie tu, usinichaji kama umeandika." Kwanza nilikasirika, nakiri. Nikausoma mbele yake. Lugha safi, vipengele vimepangwa, nikaanza kuogopa. Nikafika kipengele cha migogoro, kimeandikwa mgogoro wowote utasikilizwa na mahakama za jimbo la Delaware, Marekani. Yeye na mbia wake wanakaa mtaa mmoja. Nikamgeuzia karatasi nikaweka kidole pale, nikamuuliza mkigombana nauli mnayo? Akanyamaza, akasoma tena, akavuta kiti karibu na meza.

Siku ileile nikaunda huduma mpya: kukagua mkataba uliotengenezwa na mashine, bei moja inayojulikana, naitaja kwenye simu kabla hujaja, ni kama robo tu ya kuandika upya. Wenzangu walininunia wakisema nashusha hadhi ya taaluma. Lakini watu wanatumia hizi programu tayari, ukimfukuza anasaini vilevile. Mimi mwenyewe nazitumia kupanga mawazo ya rasimu, ila siri ya mteja siiingizi humo na kesi yoyote inayotajwa naitafuta kwa macho yangu mpaka niione, kwasababu ya yale yaliyotokea New York mwaka 2023, mawakili walipeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT, kesi ambazo hazijawahi kuwepo, wakapigwa faini ya dola 5,000. Faini ni hela tu. Jina ndo limeenda dunia nzima.

Tovuti bado ipo, ukurasa mmoja, hamna mizani hamna nyundo. Kuna ile karatasi, bei za kazi tatu, na namba. Nimeajiri wakili kijana mmoja na mwakani nategemea wa pili, kwahiyo sasa nikiandika "sisi" nasema kweli.

Jumatatu iliyopita karatasi ilinirudia tena kutoka kwa mtu nisiyemjua. Swali la 7 lipo salama. Chini, pale lilipokua jina langu zamani, mtu kaongeza kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa haraka haraka: "13. Laini ya simu ya biashara na paswedi za akaunti, tukiachana zinabaki na nani?" Miaka yote hii nasuluhisha wabia sijawahi kuliweka hilo, na ugomvi wa hivyo nimeshaamua zaidi ya mara tatu. Nimeshaliingiza. Natafuta nani kaliandika nimshukuru, mpaka sasa nimefika kwa mtu wa nne kwenye mnyororo wa waliofowadiana, yeye anasema alipewa na shemeji yake, namsubiri shemeji apokee simu.