Imatinib, mabalungi ya shangazi na mizani ya magunia

Aliyeniambia dawa ya imatinib inamezwa tumbo likiwa tupu "ili ifanye kazi haraka", nikikutana naye leo tutaelewana. Nina saratani ya damu aina ya CML, dozi yangu ni miligramu 400 kwa siku, na namshukuru Mungu vipimo vinakwenda vizuri. Nilianza kumeza alfajiri na chai ya rangi. Hata saa haikupita, chai ikarudi, na tangawizi niliyotafuna ya kuituliza ikaifuata. Kesho yake nikaongeza andazi. Na andazi likatoka.

Nesi mmoja ndiye aliyeniokoa: meza usiku, katikati ya chakula. Nakula nusu sahani ya ugali, nameza kidonge na glasi kubwa ya maji, namalizia nusu iliyobaki. Halafu silali, nakaa na taarifa ya habari mpaka iishe. Na ukitapika usimeze kingine cha kufidia.

Macho je? Nilikuwa naamka kope zimevimba hata sioni vizuri. Jirani akaninong'oneza, "Shoga, huyo mume anakupiga?" Maskini mume wangu, hata kuku anaogopa kumchinja! Nilipunguza chumvi, nikaongeza mto wa pili, uvimbe ukawa unashuka kabla jua halijawa kali.

Shangazi naye akaja na kapu la matunda kutoka Muheza. "Balungi linakata kichefuchefu, mwanangu." Machungwa nilikula, mabalungi nikagawa kwa majirani, maana balungi huzuia mwili kuivunja hii dawa, ikajaa kwenye damu kuliko inavyotakiwa. Alinuna. Nilipokataa na chupa yake ya mizizi akanuna zaidi.

Ila ninachojivunia ni mizani. Daktari alisema dawa hii huweza kutuamisha maji mwilini, uzito ukipanda ghafla nirudi. Kununua mizani sikuweza, nauli na vipimo tayari vinakula laki na ushee, nikaenda kupanda ile ya magunia kwa muuza nafaka. Akasoma kilo zangu kwa sauti, duka zima likasikia. Siku iliyoonyesha nimeongezeka kilo mbili na kitu ndani ya siku chache, na pilau ya mtu sijala, nilikwenda hospitali moja kwa moja. Nikapewa dawa ya kukojoa, miguu ikanywea. Siku hizi napima mapema, kabla wateja hawajafika.